Ukiulizwa Kwenu Kuna Nini

Baraka, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Sifa wangu,

Umekwenda Lweba na Tate, bibi yako mzaa baba, kuwaaga watu wa ukoo wake, na nyumba imenyamaza mpaka nasikia kuku wakitembea juu ya majani makavu nyuma ya jiko. Nimesukuma mikasi na vitambaa upande mmoja wa meza, nikakaa kukuandikia kabla hamjarudi. Mkirudi nitakuwa mama wa kila siku tena. Nitakuuliza kama umekula, nitakutazama miguu, nitasema sanduku halifungi vizuri. Hayo nitayasema kwa mdomo, wewe utayasahau, na hakuna ubaya. Sabuni iko wapi, gauni lipi ni la Jumapili, nani wa kumsalimia kwanza ukifika Albertville kuanza shule, Baba Mukubwa atakuonyesha yote. Ni kaka wa baba yako, na yeye na mkewe walilea watoto kabla mimi sijajua hata kukufunga mgongoni.

Hapa nataka kujibu swali lako, lile la siku Baba Mukubwa na binti yake Berta walipofika kukuchukua, ambalo nilijifanya sikulisikia.

Unakumbuka. Berta alikaa kwenye kiti changu, viatu miguuni kwa sababu hakutaka mchanga, akakueleza habari za kwao: gari la moshi, bandari yenye mashine inayonyanyua mizigo kama inanyanyua vikapu, taa zinazowaka barabarani bila mtu kuziwasha. Wewe ulisikiliza mdomo wazi. Halafu akatazama huku na huku, kama mtu anayetafuta mahali alipoangusha kitu, akasema: "Na huku kwenu kuko nini ya kuona? Majiwe na samaki ya ndakala tu?"

Ukatazama vidole vyako. Jioni tulipokuwa tunachambua majani ya sombe ukaniuliza polepole, "Mama, kwetu kuko nini?" Nikakuambia ulete kinu.

Sikukosa la kusema. Ni kwamba maneno ya Berta niliyatambua. Yalikuwa yangu.

Nilikuwa msichana niliyerudi karibuni kutoka shule ya masere, wale masista. Kola yangu bado ilikuwa nyeupe, na nilikuwa naitunza ibaki hivyo. Siku moja gari dogo lilisimama mbele ya nyumba ya wageni wa serikali, akashuka madamu mwenye kofia pana na kamera kifuani. Mlinzi wa nyumba hakujua Kifaransa, akaja kuniita mbio. Yule madamu aliniambia kwa upole kwamba yeye na mumewe watalala hapa kabla ya kuendelea na safari, akauliza kuna nini kizuri cha kuona. Mwanangu, nilikuwa nimesimama mgongo ukielekea ziwa. Nyuma yangu kulikuwa na ghuba nzima asubuhi ile, mitumbwi ikirudi, na ng'ambo milima ya Ubwari imeanza kutoka kwenye ukungu mmoja mmoja. Nikamjibu kwa Kifaransa safi, kile kile nilichosifiwa darasani, kwamba hakuna kitu, madamu, hapa ni kijiji tu.

Alitabasamu, akatazama juu ya bega langu, akapiga picha.

Mara nyingi nimejiuliza jibu lile lilitoka wapi. Masere hawakunifundisha kuidharau Baraka. Walinifundisha mito ya Ubelgiji, na niliweza kuichora kwa kalamu ya buluu bila kutazama kitabu, lakini hakuna aliyesema kwamba mto wa Ubelgiji unaufuta mto wetu Mutambala. Kazi hiyo ya kufuta niliifanya mwenyewe, kwa bidii, nikidhani ndiyo elimu. Nilirudi nyumbani nikaona ugali wa mama yangu, ile bukari, ni mgumu, nikaona watu wanaongea kwa sauti kubwa mno, nikaona njia ni za vumbi. Yote yalikuwa kweli na yalikuwepo kabla sijaondoka. Nilikuwa nimejifunza kuona hayo tu.

Nakuambia haya kwa sababu wewe pia utarudi siku moja. Sitakukataza kuipenda Albertville. Ipende. Panda gari la moshi ukipata nafasi, simama chini ya taa zile mpaka macho yaume. Mtu anayekataa kushangazwa na mji wa wengine ana hofu tu, na hofu mimi nimeishi nayo vya kutosha. Ila akikuuliza mtu kwenu kuna nini, usitazame vidole.

Kesho kuna jambo litakalokushtua, na heri ulijue mapema. Albertville iko kusini, lakini mashua itaanza kwa kwenda kaskazini.

Nilipoondoka nyumbani mara ya kwanza nilikuwa na umri kama wako, na nilikuwa nimekariri ramani. Asubuhi mashua ilipogeuza uso kuelekea Uvira, nilisimama katikati ya mizigo nikapiga kelele kwamba wametupoteza. Wapiga makasia walicheka mpaka mmoja wao akaangusha kasia majini na ikabidi turudi kulifuata. Mzee wa Kibwari aliyeshika usukani hakucheka. Akaniambia, "Kaa chini, mama mudogo. Hii ghuba iko na mulango moja."

Ndivyo ilivyo. Rasi ya Ubwari imeungana na nchi yetu upande wa kusini, kwa hiyo huko maji hayapiti. Imejinyoosha ziwani kama mtu aliyelala kwa ubavu, sisi ametuweka mbele ya tumbo lake, na mgongo wake ameupa ziwa kubwa. Anayetoka Baraka lazima apande mpaka kwenye kichwa chake, pale Banza, azunguke, ndipo aanze kushuka kusini. Nusu ya siku utakuwa unaiacha nyuma kule unakokwenda. Usipige kelele kama mimi. Berta hatakuachia, ataisimulia mpaka uwe bibi harusi.

Banza yenyewe ndiyo jibu la kwanza la swali lako, na ndilo jibu ninaloliweza kidogo kuliko yote. Pale kwenye ncha, karibu na mawe, maji ya ziwa ni ya moto. Yanapanda kutoka chini na mapovu, kama sufuria iliyoanza kuchemka, na hatua chache pembeni ziwa ni baridi kama kawaida yake. Watu wa mashua husimamisha makasia hapo. Kama kuna mtu anayepita kwa mara ya kwanza, mzee wa mashua huchota maji yale ya moto kwa kibuyu, humwosha uso, na yule mtu hutaja jina lake na jina la baba yake, kwa sauti, kuelekea maji. Basi. Kisha wanaendelea na safari na kusimuliana mambo mengine.

Mimi niliambiwa hayo ni ya giza. Nilifunika uso kwa kitambaa, nikafumba macho, nikasema Salamu Maria moja baada ya nyingine mpaka nikasikia makasia yameanza tena. Yule mzee hakukasirika. Alirudisha maji ziwani, akasema nitapita tena. Nilipita tena, nikirudi nyumbani na cheti changu, na safari hiyo nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye kitabu. Kwa hiyo nimepita Banza mara mbili, Sifa, na Banza sijaiona.

Baba yako aliposikia habari hiyo, tukiwa bado wachumba, alicheka mpaka akajipigapiga magoti. Yeye alikuwa akipita pale kama wewe unavyopita kwenda kisimani, na mapipa yake ya mawese, kwenda Kigoma au Albertville. Akasema atanipeleka, nikaone mahali nilipofumba macho. Nikamwambia sawa, tukimaliza pamba. Pamba ikaisha, nikasema nikishajifungua. Nikajifungua wewe, nikasema mtoto akiacha kunyonya. Hakunisukuma. Kila akirudi alinionyesha tu kiganja, eti bado kina joto la Banza, na mimi nilikishika na kusema ni joto la kasia.

Ulikuwa bado unanyonya kiangazi kile upepo wa kusini ulipowakuta baba yako na wenzake nje ya ncha. Wenzake wawili waliogelea mpaka kwenye mawe. Mashua ilipatikana. Yeye hakupatikana. Hayo unayajua, umeyasikia kwa Tate zaidi kuliko kwangu, kwa sababu mimi sikuyasema.

Matanga yalipokwisha, Tate alikwenda Banza na mtumbwi wa jamaa zake. Alitaka twende wote, na wewe mgongoni, ukaoshwe uso mahali pale na jina la baba yako litajwe. Nilimjibu kwamba mimi ni Mkristo. Yeye pia ni Mkristo, na alibatizwa kabla yangu. Akaenda peke yake.

Kisha nikamwita fundi, nikahamisha mlango wa nyumba.

Labda hukuwahi kujua kwamba nyumba hii ilitazama ziwa. Ukisimama jikoni utaona kwenye ukuta wa nyuma matofali ya rangi nyingine. Hapo ndipo mlango ulipokuwa. Nilimwambia fundi aufungue upande wa barabara na milima. Alidhani nimepata mchumba mwenye kamyo ya mizigo. Watu walicheka kidogo, wakaacha. Na wewe ukakulia upande huo. Ulijua kusoma kabla ya wenzako wote, ulijua kushona pindo lisiloonekana, na ulikuwa mtoto pekee wa Baraka asiyejua kuogelea. Nilipokuona umesimama mbali na maji wenzako wakirukaruka, niliita hiyo adabu. Nilikuwa nimekufundisha kuogopa, nikakusifu kwa kuogopa vizuri.

Ndiyo maana swali lako lilinipata vibaya. Mtu anayeulizwa kwao kuna nini, na yeye ndiye aliyejenga ukuta mbele yake, atajibu nini? Usiku ule niliamua kabla hujaondoka tutazunguka, wewe na mimi, na Berta aje na viatu vyake.

Tulianza na Mutambala kwa sababu iko karibu, na kwa sababu nilijipa moyo kwamba mto si ziwa. Nakumbuka ndege weupe wamesimama kwenye mchanga kama nguo zilizoanikwa, na watu wanaovuka na pamba vichwani, na wote wakasimama ghafla. Kiboko alikuwa anapita. Hakuwa na haraka. Berta aliuliza kwa sauti ndogo kama anauma. Mama mmoja mwenye kikapu cha muhogo akamjibu bila kugeuka, "Hapana kuuma, mama. Inakata." Kuanzia hapo Berta alinishika kikwembe nilichojifunga mpaka tulipofika nyumbani. Kwenu kuna mto ambapo watu na pamba ya serikali husimama kumpisha mwenye njia. Hilo uliandike jibu la pili.

Jibu la tatu ni ile kona ya barabara ya Fizi. Nimepanda milimani mpaka Fizi mara nyingi kwa ajili ya mikutano ya walimu wenzangu, kila mara ndani ya kamyo, karibu na dereva, kwa sababu ya vumbi na ya kola yangu. Safari hii tulikaa juu ya magunia. Kamyo ilivyokuwa inapanda, hewa ikawa baridi, migomba ikabadilika, na Berta akatapika kwa heshima kubwa, akijificha na kofia. Dereva alisimama kwenye kona kutia maji kwenye mashine. Tukashuka. Berta alikuwa ameshika viatu mkononi.

Sijui niseme nini kuhusu kile tulichokiona ambacho hukukiona wewe mwenyewe. Ghuba yetu ilikuwa chini kabisa, imefungwa, kama maji ndani ya kiganja. Ubwari yote ililala hapo, mgongo na kichwa na miguu. Na nyuma ya Ubwari, juu yake, kulikuwa na ziwa jingine, pana, la rangi nyingine, na mwisho wake ilikuwa milima ya nchi ya Tanganyika kama mstari wa kalamu. Kisha wewe ukasema, "Kumbe iko mbili."

Hiyo ndiyo sentensi nzuri kuliko zote zilizowahi kusemwa mbele yangu na mwanafunzi, na sikuwa nimekufundisha. Miaka yote hii nilidhani mashua ikishapita Banza imekwisha. Ukiwa Baraka ndivyo inavyoonekana: inapita nyuma ya ncha, na maji yanabaki matupu. Lakini kutoka kwenye kona ile mashua iliyopita Banza inaonekana. Ni ndogo kama mdudu, lakini ipo, inashuka kusini kwenye ziwa la pili, na watu wake labda wanakula. Kama ningalipanda pale kiangazi kile, ningaliona nini? Nimelifikiria sana. Pengine nisingeona kitu kwa sababu ya ukungu. Lakini nisingeujenga ule ukuta.

Halafu Lweba, huko uliko leo. Nilitaka tutazame tu kina mama wanavyoanika ndakala, mchanga wote umegeuka fedha mpaka macho yanakataa, na kunguru wanazunguka na mtoto mwenye fimbo anawafukuza bila kuamka vizuri. Tate ndiye aliyeanza. Alikuwa amekaa anatoa mchanga kwenye samaki, akakutazama ulivyosimama mbali na maji, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "We mutoto wa muvuvi, unaogopa maji sawa mbuzi." Wanawake wote wakacheka. Ukanitazama nikutetee. Nami nikafungua viatu.

Hukujua kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia ziwani tangu baba yako. Maji yalinifika magotini, nikasimama. Tate aliona. Hakucheka tena. Aliingia na nguo zake, mzee yule, akapita mbele yangu, akanipa mkono kama mtu anayevuka mfereji, na sote watatu tukawa ndani. Nilikushika chini ya tumbo ukapiga miguu, ukanywa maji, ukanilaumu, ukapiga tena. Tulirudi siku iliyofuata na iliyofuata. Sasa unaelea. Huogelei, usijidanganye, na usimwonyeshe Berta kitu bandarini. Lakini unaelea, na uso wako ukiwa juu ya maji unafanana na wake kiasi kwamba niligeuza macho.

Pamoja na hayo yote, juzi nilikuwa bado nataka uende kwa kamyo.

Nilimwomba Baba Mukubwa akupeleke kwa njia ya juu, Fizi mpaka Kabambare na kuzunguka, siku za vumbi zisizo na idadi, kuliko kupita Banza kiangazi. Nilizungumza naye uani, nikadhani umelala. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia mashua hii ni kubwa kuliko ya ndugu yake, kwamba wataondoka alfajiri kabla upepo haujaamka, na kwamba upepo ukiwa mbaya watangoja kijijini Banza hata kama ni siku kadhaa. Kisha akasema kama bado sitaki, basi atakubali kamyo. "Nitafanya, shemeji. Ila mutoto ataniuliza juu ya nini hatukupita kwa maji, na mi sitamudanganya."

Ulikuwa mlangoni. Ulisema bila kulia, "Mama, mi nataka kupita kwa ile fasi baba alipitaka."

Nilikujibu vibaya. Nilisema wewe ni mtoto, hujui unachosema, nenda ulale. Ukaenda. Tate alikuwa amekaa gizani anachambua maharage, hakuacha, na nilitamani aseme neno ili nipate mtu wa kugombana naye. Asubuhi nilikwenda ufukweni peke yangu. Nilikaa mpaka wavuvi waliponizoea wakaacha kunisalimia. Nilitazama ncha ya Banza, mbali, nyembamba, na nikajilazimisha nisigeuke. Nilifahamu jambo moja tu, na si kubwa: kwamba wewe hukuwa unaomba ruhusa ya kufa. Ulikuwa unaomba kuona. Nami nilikuwa nimekunyima, kama nilivyomnyima yule madamu, kama nilivyojinyima mwenyewe, kisha nikaiita ulinzi. Niliporudi nikamwambia Baba Mukubwa mwende kwa mashua. Wewe hukusema asante, ukaenda kufunga sanduku. Hapo nilijua uko tayari kuliko mimi.

Kwa hiyo, Sifa, mkifika kwenye maji ya moto na mzee akisimamisha makasia, usifunike uso. Sali ukitaka, macho yakiwa wazi. Tia mkono ndani kwanza, uhisi baba yako alichokuwa anarudi nacho kiganjani. Kisha taja jina lako, na taja jina lake lote, kwa sauti ile unayosomea darasani, isifie mdomoni. Mimi nililiweka jina hilo ndani ya nyumba isiyo na mlango upande wake. Wewe litoe nje. Halafu tazama kila kitu, mawe, mapovu, nyumba za watu, unitazamie na mimi, na ukiniandikia usiniambie kwamba umefika salama tu. Niambie Banza inafananaje. Nataka kujua rangi ya mawe.

Nimefikiria pia habari ya kesho asubuhi, na hili usimwambie mtu.

Baba Mukubwa atawabebea mizigo mpaka kwenye mashua, na atataka mpiga kasia mmoja akubebe begani ili usiloweshe gauni. Mwambie hapana. Nitakubeba mimi. Maji yatanifika kiunoni, na watu wa Baraka wanaonijua watakuwa na la kusimulia wiki nzima. Nitakuweka ndani, nitakuvuta sikio, basi. Sitaki tulie mbele ya Berta.

Baadaye utageuka kunitafuta ufukweni, na hutaniona. Tate atakuwepo, na majirani, wote watapunga mikono mpaka mashua iwe ndogo. Mimi nitakuwa nimeondoka zamani. Watasema huyu ni mama gani. Usiwasikilize, na moyo usikuume. Kamyo ya pamba inapanda Fizi kesho asubuhi, dereva ni yule yule, nimeshamwomba nafasi juu ya magunia. Ninyi mtakuwa mnapanda kaskazini ndani ya ghuba, na mimi nitakuwa napanda mlima. Mkitia mikono kwenye maji ya moto, nitakuwa nimeshafika kwenye kona. Nitakaa hapo mpaka mtokeze upande wa pili, hata kama ni jioni, hata kama mtalala Banza na ikabidi nilale kwa mwalimu mwenzangu wa Fizi nirudi tena kesho kutwa. Nataka kukuona ukishuka kusini. Mdudu mwenye tanga, nitatosheka.

Isome tena barua hii mkiwa bado ndani ya ghuba, maji yametulia. Mkishazunguka ncha, tazama kulia, juu ya Ubwari, juu zaidi, mahali milima ya Fizi inapogusa mbingu. Nitawasha majani makavu. Najua unachotaka kusema, maana umezoea kunisahihisha: ni kiangazi, kila mtu anachoma pori, milima yote itakuwa na moshi, utajuaje upi ni wangu.

Hutajua. Chagua mmoja, mwonyeshe Berta, umwambie yule pale ni mama.

Mimi nitasema hivyo hivyo kuhusu mashua.

Mama yako, aliye upande huu wa Ubwari